Kuku Waliobadilishana Vifo

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo ni pakawa ya watu ambao hawajala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo imefika.

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wanajua kusema, nao watu hawana habari ya kuwasikiliza, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Zuwena. Bi Zuwena alikuwa na kuku wawili, wote majike. Mmoja aliitwa Kishingo, kwa sababu shingo lake halikuwa na unyoya hata mmoja. Jekundu, tupu, wazi. Wa pili aliitwa Kidimu, kwa sababu manyoya yake yalisimama yakapindana huku na huku, utadhani ameamka sasa hivi na hajachana.

Walilala banda moja. Walidonoa uwanja mmoja. Na walioneana wivu. We! Wivu gani ule! Kidimu akiokota funza, Kishingo hali siku nzima. Kishingo akitaga yai kubwa, Kidimu anaumwa kichwa. Mnacheka? Nyinyi wenyewe nimewaona jana mkipimana vipande vya nyama.

Basi siku moja Kunguru akaja. Kunguru kazi yake ni kukaa juu ya paa la jiko na kusikiliza ya watu. Akatua, pa! Akaita, "Kraa! Shoga zangu, nina habari. Nimemsikia Bi Zuwena akisema juu ya vifo vyenu."

Kuku wakaacha kuchakura.

"Sema," akasema Kidimu.

"Wewe Kidimu utachinjwa siku ya vunja jungu, siku ile watu wanapokula washibe kabla ya mfungo. Mwezi wa Shaabani ukiisha, na wewe umekwisha."

"Na mimi?" akauliza Kishingo.

"Wewe Kishingo kisu hakikuhusu. Bi Zuwena amesema, 'Yule sijisumbui naye, yule ni wa mwewe. Shingo lenyewe lile, mwewe huliona toka mawinguni.' Lakini lini, hakusema."

Kunguru akaruka, huyo, akaenda kupeleka maneno kwingine.

Jioni ile Bi Zuwena akamshika Kidimu, akachana kipande cha kanga chekundu, akamfunga mguuni. Kuanzia hapo, kila asubuhi, Kidimu akawa anatupiwa konzi ya mtama peke yake, apate kunona.

Sasa nisikilizeni. Kidimu alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu akatoka bandani, akautazama mwezi wa alfajiri, akauona bado mnene. Akasema, "Kama siku yangu ni ile, basi leo si siku yangu." Akaenda katikati ya uwanja, juani, akaoga mchanga. Puruu, puruu, puruu! Mwewe akapita juu, zuuu. Kidimu akaimba:

"Mwewe zunguka, mwewe rudi,
siku yangu bado, siku yangu bado."

Mwewe akashuka, pwaa! Akakamata manyoya. Manyoya yenyewe ndiyo yale, yamesimama kama ufagio wa chelewa. Mwewe akaondoka na unyoya mmoja mdomoni, anapiga chafya. Kidimu akasema, "Mnaona? Siku yangu bado." Hakujua kwamba kilichomwokoa ni manyoya. Alidhani ni tarehe.

Na Kishingo? Kishingo alikuwa chini ya uchanja wa vyombo. Asubuhi chini ya uchanja, mchana chini ya uchanja. Maji ya kuoshea sufuria yakimdondokea kichwani, to, to, to. Akila ukoko uliolowa. Akikonda. Na macho yake hayakuwa juu kumtazama mwewe. Yalikuwa uwanjani, yanamtazama Kidimu.

Wivu ukamshika, ukamkaba. "Kwa nini yeye apewe siku, mimi nipewe mwewe tu?" akasema. "Mwenye siku anaoga mchanga. Mimi ninatetemeka tangu kuche mpaka kuchwe. Na kitambaa juu! Yeye kitambaa, mimi hata uzi sina. Yeye konzi ya mtama, mimi ukoko." Watoto, hebu oneni. Kitambaa cha kuchinjiwa, na mtu anakililia kama kidani.

Lakini mwezi wa Shaabani nao haukungoja. Ukapungua. Kila alfajiri Kidimu akitazama, unapungua. Mtama akawa anauacha chini. Na yeye akaanza kutupa jicho kule chini ya uchanja. Akasema moyoni, "Yule mjanja. Yule amepewa mwewe, na mwewe anakwepeka. Atakaa pale mpaka mwewe azeeke afe, yeye yupo. Siku nitaikimbiaje? Nikilala inakuja, nikikesha inakuja. Kwa nini yeye apate kifo chenye mlango wa kutokea, mimi nipate hiki?"

Asubuhi moja mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha. Kidimu akaenda mpaka kwenye uchanja.

"Hodi shoga."

"Karibu, shoga. Utalowa."

"Nimekuja kukuonea huruma. Unakonda, mwaya. Hujui siku wala saa."

"Mimi nilikuwa nakuonea huruma wewe," akasema Kishingo. "Siku inakuja, nawe unaijua. Usingizi unaupata wapi?"

Waongo wote wawili! Hakuna aliyekuwa na huruma hata tone.

"Basi tubadilishane," akasema Kidimu. "Chukua kitambaa, uwe na siku. Mimi nikae hapa, niwe wa mwewe."

Kishingo moyo ukamruka, lakini akajifanya anafikiri. "Siku zimebaki chache, shoga."

"Chache za jua," akasema Kidimu, "ni nyingi kuliko nyingi za uchanjani."

"Haya, nitakusaidia, kwa vile ni wewe."

Kidimu akanyoosha mguu. Kishingo akadonoa fundo, do, do, do, likalegea. Kitambaa kikatoka mguu ule, kikaingia mguu huu. Kidimu akakivuta kwa mdomo, kikakaza. Halafu Kidimu akaingia uvunguni na Kishingo akatoka juani. Kila mmoja akicheka kimoyomoyo. Kila mmoja akisema, "Nimemlalia mjinga huyu!"

Kishingo akaenda katikati ya uwanja. Jua likampiga lile shingo tupu, likampata mpaka kwenye mifupa. Akaoga mchanga, puruu, puruu! Alifurahi jamani, msiseme hakufurahi. Akainua mguu wenye kitambaa, kila anayepita akione. Mwewe akaja, zuuu. Kishingo akaimba, tena kwa sauti kuliko Kidimu:

"Mwewe zunguka, mwewe rudi,
siku yangu bado, siku yangu bado."

Pwaa!

Safari hii hapakuwa na manyoya ya kukamata. Palikuwa na shingo. Mwewe akalishika barabara, akapaa. Kishingo anapanda mawinguni, anapiga kelele, "Umekosea! Kitambaa ninacho! Mimi ni wa vunja jungu! Siku yangu bado!"

Mwewe hajui vunja jungu. Mwewe hafungi na wala hafuturu.

Kidimu aliyaona yote toka uvunguni. Mngedhani atalia, maana walilala banda moja miaka. Jambo la kwanza alilosema ni, "Kumbe ningekuwa mimi!" Na la pili, "Mwewe huyu sasa ni wangu, na uwanja ameshauonja." Akajikunyata akaingia ndani zaidi, mpaka kwenye tope.

Siku zile ikanyesha mvua moja nzuri. Kukacha, jua likatoka, kumbikumbi wakafumuka ardhini. Uwanja mzima kumbikumbi! Wanaruka, wanadondoka, wanatambaa bila mbawa. Kuku wa majirani wakaja mbio, kwe kwe kwe, wakala mpaka wakashindwa kutembea. Kidimu anawaona. Mate yanamtoka. Anasema, "Sitoki. Mimi ni wa mwewe." Hakula hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma mimi katika hadithi hii, kuliko kisu na kuliko mwewe.

Ikafika vunja jungu. Moto umewashwa, nazi imekunwa, mchele umechaguliwa. Bi Zuwena akatoka na kisu, na binti yake nyuma amebeba maji ya kunyonyolea.

"Mama, Kidimu yule kule chini ya uchanja," akasema binti. "Lakini hana kitambaa."

"Kitambaa nilifunga kwa ajili yenu, msije mkampa mgeni akaondoka naye. Mimi nitampoteza Kidimu? Manyoya yale nani asiyeyajua!"

Kuku mwingine angekimbizwa uwanja mzima. Angepanda ukuta, angezunguka kisima, labda jua lingechwa hajakamatwa. Kidimu alikuwa amejibana kwenye pembe mwenyewe. Bi Zuwena aliinama tu, akanyoosha mkono, akamtoa.

"Si mimi!" akalia Kidimu. "Nilibadilishana! Mimi ni wa mwewe! Mimi ni wa mwewe!"

Bi Zuwena alisikia kwe kwe kwe.

Sasa mtaniuliza, kama nyanya yenu pale anavyoniuliza kila nikisimulia: kipi bora, kujua utakavyokufa au kujua siku utakayokufa? Wengine mtasema siku, mpate kuoga mchanga. Wengine mtasema namna, mpate kukwepa. Mimi nasema, Kishingo alipojua namna alikuwa hai, maadamu alikaa na lake. Kidimu alipojua siku alikuwa na furaha, maadamu alikaa na lake. Kujua hakukuwaua. Kilichowaua ni kila mmoja kuchungulia cha mwenzake. Mmoja akapoteza maisha yaliyokuwa yamebaki, na mwingine akapoteza jua, na mchanga, na kumbikumbi.

Basi fundisho ni hili, wakubwa kwa wadogo: usimwonee mwenzio wivu, hata wa mema yake, sembuse wa kifo chake. Siku uliyopewa leo ichakure wewe mwenyewe, na macho yako yawe kwenye uwanja wako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nipisheni sasa ninyooshe mgongo.