Jina la Binti wa Mpishi

Aliyemwambia Mwavita kwanza hakuwa daktari wala kungwi. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Nyamizi. Siku hiyo walikuwa uani wakipepeta mchele, pale Isevya mjini Tabora. Bi Nyamizi aliweka ungo chini, akatazama kama kuna mtu mlangoni, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, wanakuita gumba. Hata mimi waliniita hivyo. Lakini huenda ubovu hauko shambani. Huenda uko kwenye mbegu."

 Mikono ya Mwavita ilibaki ndani ya mchele.

Sasa, kabla hatujafika mbali, tuwajue watu wa nyumba hii. Walikuwa watatu wenye vipaji, na wa nne aliyedhaniwa hana.

Mfaume, mume wa Mwavita, alikuwa mpishi wa shughuli, na kipaji chake kilikuwa mkono. Akipika pilau ya harusi, hata wasioalikwa walipita mbele ya nyumba mara mbili. Alikuwa mtu mnene sana. Shati lilimkataa tumboni na ngazi zilimtoa jasho, lakini watu walisema mpishi mwembamba hatiliwi maanani, na kitambi chake wakakiita heshima.

Maulidi, msaidizi wake jikoni, kipaji chake kilikuwa ulimi. Alilamba ncha ya mwiko tu, akakuambia iliki imezidi au bizari imekosekana.

Bi Nyamizi, mama yake Mfaume, kipaji chake kilikuwa neno. Alisema machache, lakini akisema, limepita.

Na Mwavita? Yeye alijua kunyamaza. Nani huita hicho kipaji?

Mfaume alikuwa amepika harusi na akika za watu wengi, lakini kwake hakukuwahi kulia mtoto. Ukoo ukachoka kungoja. Ndugu za marehemu baba yake wakaja, wakaketi ukumbini, na mkubwa wao, Baba Mdogo Kasanda, akafungua kikao.

"Mfaume, sisi hatuna ugomvi na mkeo. Lakini shamba likikataa kuotesha, mkulima hulima kwingine. Tumekutafutia mke wa pili."

Mwavita alikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai. Alisikia, na sinia likawa zito.

Mfaume aliinamisha kichwa. Ndipo Bi Nyamizi, ambaye hakuulizwa, akasema:

"Na mbegu ikiwa imebunguliwa, atalima mashamba mangapi?"

"Shemeji!" Kasanda akashtuka. "Maneno gani hayo mbele ya watoto?"

"Ya kweli. Mlinicheka miaka mingi mkiniita mti mkavu. Nilinyamaza kwa ajili ya heshima ya kaka yenu. Alikuwa na mwili kama huu wa Mfaume, mnaukumbuka. Ukaja mwaka wa njaa, tukala mlenda na mizizi, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka mara mbili. Mwaka huohuo nikashika mimba ya huyu. Njaa ilipokwisha akanenepa tena, na mimi sikuzaa tena. Tiba siijui. Nasema nilichokiona. Mwanangu akapimwe kwanza, kisha mje na mke wenu."

 Mjane alikuwa amemvua marehemu mumewe nguo mbele ya ndugu zake, na hakuna aliyejua kama atasamehewa. Kasanda alichukua kofia yake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ya shemeji yake, na kwenye misiba ya ukoo Bi Nyamizi alikaa peke yake.

Mfaume aliinuka, akasema mbele ya wote: "Nitapimwa. Na nikijaliwa mtoto, naweka nadhiri: atakayekuwa amenifikisha hapo, yeye ndiye atakayempa jina."

Akaenda hospitali pamoja na mkewe. Majibu yalipotoka, daktari aliwaambia bila kuzunguka: mbegu ni chache, na nyingi hazina nguvu.

"Uzito unaweza kuwa umechangia," akasema. "Mafuta yakizidi mwilini huvuruga homoni na kudhoofisha mbegu. Siwezi kukuahidi mtoto, maana si kila anayepungua hupata. Lakini punguza sukari, mafuta na wingi wa chakula, tembea, na ukishapungua usirudi nyuma. Hapo ndipo wengi hushindwa."

Njiani kurudi, Mfaume akamgeukia mkewe. "Mwavita, majibu haya watu wa nje wasiyajue. Nitaaibika." Mwavita akaitikia kwa kichwa. Ahadi ilikuwa ndogo kuitoa.

Mfaume akaanza. Nyumbani aliacha soda, akaacha chapati na nyama ya mafuta. Mwavita alimpakulia ugali mdogo, maharage na mboga za majani, na yeye mwenyewe akala kilekile. Lakini miezi ikapita na suruali haikulegea. Mfaume akakata tamaa.

"Sahani yangu sasa ni ya mtoto, na mwili ni uleule. Hii ni asili yangu. Niacheni."

Maulidi, ambaye Mfaume hakumficha kitu, alisikia maneno hayo, akayaweka moyoni. Kwenye harusi iliyofuata alichukua bakuli kubwa, akaliweka nyuma ya sufuria. Kila Mfaume alipochota pilau aonje, Maulidi alichota kiasi kilekile akatia bakulini. Mfaume akionja kipande cha nyama, kipande. Akionja kalimati, kalimati. Akikwangua ukoko, ukoko. Wageni waliposhiba na kuondoka, akaliweka bakuli mbele yake. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

"Chakula cha nani hiki?" Mfaume akauliza.

"Chako, fundi. Ndicho ulichokula leo."

"Mimi? Mimi leo sijala! Nimeonja tu."

"Basi ndicho ulichoonja."

Mfaume alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Maisha yake yote alihesabu kuwa mpishi hula akikaa chini. Kinachopita mdomoni akiwa amesimama ni kazi. "Sasa nitapikaje bila kuonja?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeambiwa akate mkono.

"Pika wewe. Nitaonja mimi."

Ikawa hivyo. Mkono wa mmoja, ulimi wa mwingine. Mpaka ikatokea harusi kubwa mtaa wa Ng'ambo, Maulidi akiwa na mafua, ulimi wake haushiki kitu. Mfaume akatia chumvi mara mbili. Wageni walipotia tonge mdomoni, minong'ono ikazagaa.

"Jamani, chumvi yote ya Uvinza imeishia humu?"

"Huyu mpishi au mganga? Anatuagua kwa chumvi?"

Mwenye shughuli akaja jikoni amefura. Maulidi akamtangulia Mfaume. "Mkono uliotia chumvi ni wangu, mzee. Fundi hana kosa." Haikuwa kweli. Watu wa Nzega walikuwa wamekwisha kumwita Maulidi akawe mpishi mkuu kwao; waliposikia habari ya chumvi, wakamchukua mwingine. Maulidi akabaki msaidizi, na hadi leo ni msaidizi.

Na Mfaume mwenyewe? Msidhani alibebwa. Ninyi mnaojua harufu ya pilau inapofunikwa iive kwa moto mdogo, jaribuni kusimama juu yake mkiwa na njaa kutwa nzima. Alikwenda kazini kwa miguu, akarudi kwa miguu. Alianza kupungua. Mfungo mosi ulipofika, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zikafuatana, na siku moja akaanguka: alikula mpaka akalia. Kesho yake akarudi kwenye maharage na majani, hakumlaumu mtu. Kuanza ni kazi. Kuanza tena baada ya kuanguka ni kazi nyingine.

Mwili ukapungua, na hapo maneno ya mtaa yakaanza. Kisimani wanawake walinyamaza Mwavita akifika, au walisema wakitaka asikie.

"Mume wa watu anakonda kama kuku mwenye kideri."

"Anamnyima chakula. Sahani gani ile, ya paka?"

"Chakula? Shoga, hapo kuna ugonjwa. Mwanamke asiyezaa huleta mengine."

Mwavita angeweza kuwafunga midomo kwa maneno mawili tu. Alichota maji yake, akajitwika, akaenda. Hata mama yake mzazi alipomjia akilia, akimwambia, "Kama umemwekea mumeo kitu, kitoe," alimkaribisha chai na hakumfunulia. Alikuwa ameahidi.

Siku zikaenda, miezi ikaenda, na Mwenyezi Mungu akapenda. Mwavita akashika mimba. Akajifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya kuamsha jirani.

Siku ya sita, alasiri, watu wa nyumba walikaa mkekani. Kesho yake ilikuwa akika, na mtoto hana jina.

Bi Nyamizi akasema: "Nisingefungua kinywa, leo hapa angekuwapo mke wa pili, naye angengoja kama wa kwanza. Nimepoteza ukoo wa mume wangu kwa neno lile. Mtoto ataitwa Kabula, jina la mama yangu."

Maulidi akasema kwa adabu: "Mama, neno lako lilimfikisha hospitali. Kutoka hospitali alikaa palepale, mpaka nilipomwonyesha bakuli. Ulimi wangu nimempa, na jina langu likachafuka. Mimi nina wavulana watupu. Jina la marehemu mama yangu halina wa kulibeba. Naomba aitwe Mayasa."

Mfaume akasema: "Mama, ulinionyesha njia. Maulidi, uliondoa mwiba. Lakini miguu iliyotembea ni yangu, na njaa ilikuwa yangu. Nani alinifikisha kama si mimi? Nilipokuwa nikitembea na njaa nilikuwa nikimwita mtoto huyu Sakina."

Walitazamana. Hakuna aliyepandisha sauti, na hakuna aliyeachia. Mwishowe Mfaume akasema: "Nadhiri ni deni. Mwavita, wewe umeyaona yote. Amua wewe."

"Nipeni mpaka kesho," Mwavita akasema.

Ndipo Bi Nyamizi akamtazama mkwewe kama mtu anayemwona leo. "Na wewe, mwanangu," akauliza polepole, "hujadai kitu?"

Mwavita alimweka mtoto titini, akafunika kwa kanga. 

Asubuhi yake aliamka kabla ya wote. Akapika uji wa ulezi katika sufuria moja, akawapa wote watatu vikombe vilivyo sawa. Akamwogesha mtoto, akamvika nguo nyeupe, akatoka naye uani walipokuwa wageni. Shekhe alikuwa amekaa, mbuzi amefungwa kando, wembe wa kunyolea nywele za mtoto uko tayari kwenye kisahani.

"Haya, mama," shekhe akasema. "Jina?"

Mwavita akamtazama Bi Nyamizi. Akamtazama Maulidi. Akamtazama Mfaume. Kisha akainama, akaweka midomo kwenye sikio la mtoto, na akamnong'oneza jina moja. Mtoto akanyamaza kulia.

"Hatukusikia, mama," shekhe akasema.

Nasi hatukusikia. Hadithi imefika hapo, na hapo ndipo inapowangoja. Ninyi mnaonisikiliza mmelisikia neno, mmeliona bakuli, mmeijua njaa, na mmeyaona maji yaliyochotwa kimya kisimani. Nani alimfikisha Mfaume? Kama mtoto yule angewekwa mapajani mwako, na shekhe amekutegea sikio, wewe ungempa nani haki ya kumwita jina?