Tajiri Aliyeyashtaki Maji

Palikuwa na tajiri mmoja wa mji wa Mkalite, jina lake Mbaruku bin Ghalibu, aliyekwenda kwa Kadhi kuyashtaki maji. Msicheke bado. Alitaka yaondolewe shimoni mwake ndani ya siku saba, na yasipoondolewa, watu wahame.

Watu gani? Wa mtaa wa Kisimani, waliokaa juu ya kilima. Chini ya kilima hicho Mbaruku alikuwa amegundua makaa ya mawe. Akaleta wachimbaji, wakatoboa njia ndani kwa ndani, chini ya majiko ya watu, chini ya vyoo vyao. Huko juu vikombe vikawa vinatetemeka kwenye visahani. Baada ya miezi mitatu kamba za visimani zikawa fupi. Watu wakaziunga. Mwezi wa sita ndoo zikateremka mpaka chini kabisa, zikagonga mawe makavu.

Wakaenda kumlalamikia. Mbaruku akawatazama kwa huruma.

"Makaa hayanywi maji," akasema. "Huo ni ukame. Ombeni mvua."

Wakaenda kwa Kadhi. Kadhi alikuwa akipikiwa kwa makaa ya Mbaruku, tena ya bure, akawaambia hawana ushahidi. Basi wanawake wakawa wanafuata maji mtoni, nusu siku kwenda na kurudi, na watu wakakoga kwa zamu.

Lakini maji yale hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye dari ya mahandaki, matone, kisha michirizi, mpaka wachimbaji wakazama magotini, halafu kiunoni. Makaa yakakwama. Ndipo Mbaruku akakumbuka kwamba nchi ina sheria.

Siku ya kesi baraza lilifurika. Karani wa Sultani alikaa pembeni na kalamu yake. Kila alichoandika kilikwenda kusomwa mbele ya Sultani.

"Nani atawasemea watu wa Kisimani?" akauliza Kadhi.

Wanaume wakatazama viatu vyao. Akasimama Bi Siwazuri, mjane mwembamba, kanga yake imefungwa kiunoni kama mtu anayetaka kutwanga.

"Kazi yako?"

"Nilikuwa nauza togwa, sheikh. Siku hizi nauza unga, mteja anajitafutia mate."

Baraza likaguna. Kadhi akakohoa.

"Umesikia mashtaka. Maji yenu yameingia kwa Bwana Mbaruku bila ruhusa. Una neno?"

"Nina swali. Bwana Mbaruku, maji hayo ni ya nani?"

"Yenu. Si ndiyo maana nimewashtaki?"

"Umejuaje kuwa ni yetu?"

"Mama, visima vyenu vimekauka, shimo langu limejaa. Yatakuwa yametoka wapi kwingine?"

"Ahsante," akasema Bi Siwazuri. "Mwaka mzima tunatafuta ushahidi huo. Karani, umeandika?"

Karani alikuwa ameandika. Mbaruku akaona amekanyaga pabaya, akageuka upesi.

"Nimeteleza ulimi. Maji ni yangu. Nina hati ya Sultani, kila kilicho chini ya kilima ni mali yangu."

"Basi sheikh, turuhusu twende nyumbani. Mtu amelowa kwa maji yake mwenyewe, sisi tumeitiwa nini?"

Kadhi akafuta jasho. "Mbaruku, chagua. Yako au yao?"

"Yao," akasema Mbaruku kwa hasira. "Ni yao, na yamenivamia."

"Mvamizi huingia mlangoni au dirishani," akasema Bi Siwazuri. "Haya yalipitia wapi?"

"Darini."

"Dari ya handaki lako ni sakafu ya kisima changu. Nani aliitoboa?"

Mbaruku akamtazama Kadhi, na Bi Siwazuri naye akamgeukia.

"Sheikh, tuseme mimi nimelala kitandani kwangu. Bwana Mbaruku akaja kwa chini, akavunja sakafu, nikamwangukia kifuani. Hapo nani kamvamia mwenzake?"

Watu wakacheka mpaka askari mlangoni akageukia ukutani kuficha meno. Mke wa Mbaruku, aliyekuwa kule nyuma, hakucheka hata kidogo. Kadhi aliitazama kalamu ya karani, akayafikiria makaa ya bure, akaitazama tena kalamu. Kisha akahukumu: maji ni ya watu wa Kisimani. Mbaruku ayapandishe kwa gharama yake, awarudishie mbele ya baraza. Mpaka wayapokee na kukiri kuwa ni yao, asichimbe hata kipande kimoja cha makaa.

Mbaruku alitoka akitabasamu. Kurudisha maji tu? Siku ya nne akaja na punda ishirini, kila mmoja na mapipa mawili. Watu wa Kisimani walikuja na ndoo zao, wengine wanalia kwa furaha. Mapipa yakafunguliwa. Maji yalikuwa mekundu kama matofali, yananuka yai viza, na pale yalipomwagikia jiwe yaliacha doa la kutu. Bi Siwazuri akachovya kidole, akagusa ulimini, akatema. Yalikuwa makali kama ndimu. Ndoo zikawekwa chini moja moja.

"Nimetimiza," akasema Mbaruku. "Hayo hapo. Yametoka dari ileile aliyoitaja mama huyu. Sasa akiri, nirudi kazini."

Shimo lile limefungwa hadi leo, na nyasi zimeota mlangoni pake. Visima vilichukua misimu mitatu ya mvua kurudisha maji, na cha Bi Siwazuri kilikuwa cha mwisho. Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Kadhi alimgeukia yule mjane.

"Bi Siwazuri, sema kweli tupu. Maji haya ni yenu, si yenu?"

"Yalikuwa yetu, sheikh," akasema. "Lakini yamekaa kwa Bwana Mbaruku muda mrefu, yamechukua tabia za mwenyeji wao."