Jedwali la Bwana Hyera

Jumatatu, tarehe 6 Agosti 2012, Bi Tekla Kapinga wa Mbinga alipeleka kahawa yake kwa mara ya kumi katika ghala la Bwana Hyera, aliyebadilisha kahawa kwa mbolea, kilo kwa kilo. Mzani ulionyesha kilo kumi na mbili na gramu mia tisa. Jedwali la kompyuta likaandika kumi na mbili, kama mara tisa zilizotangulia.

"Gramu zangu mia tisa huenda wapi, bwana?"

"Mama, jedwali langu halijui vipande. Kisichotimia kilo hufutwa."

"Hata kwa kinachotoka ghalani?"

"Kinachoingia na kinachotoka, kanuni ni moja. Mimi simwonei mtu!"

"Hapo umesema kiungwana. Basi leo nipimie mbolea kidogo kwa kopo langu hili. Mgongo umechoka."

Bwana Hyera alicheka, akapima kopo la kwanza, akaingiza uzito wake huku akitafuta tarakimu kwa kidole kimoja, bila kuinua macho. Bi Tekla akamimina kikapuni, akarudisha kopo. Alipomimina la kumi, akasema kwa upole, "Nisomee jumla."

Bwana Hyera akatazama kioo. Sifuri kumi zilikuwa zimejipanga, na chini yake jumla: sifuri.

"Mama! Kila kopo lilikuwa na gramu mia tisa!"

"Vipande hivyo, bwana," alisema Bi Tekla akijitwika kikapu. "Kesho nitakuja kuchukua zile kilo mia moja na ishirini ulizoniandikia. Kopo nitalileta mwenyewe."