Pimbi na Profesa Asiyetoka Majini

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba zao, vyuo vyao na foleni zao kama sisi tu, palikuwa na Pimbi mmoja aliyeishi na mama yake majabalini. Mdogo! Ukimtia kapuni na viazi, utapata kazi kumtafuta. Lakini kichwa chake, nyie, kilikuwa moto.

Pimbi huyu alikuwa ameandika tasnifu juu ya maji yanayojificha chini ya mawe wakati wa kiangazi. Magome ya mti mia moja na ishirini, kayaandika kwa mkono wake, kwa kupanda na kushuka kila jabali la nchi ile. Na sababu alikuwa nayo. Huko kwao hapakuwa na mwalimu hata mmoja, na kila kiangazi watoto wa pimbi walikufa kwa kiu, maji yakiwa chini ya miguu yao. Alitaka kurudi kuwafundisha wenzake namna ya kuyapata.

Ila sheria ya chuo ilisema hivi: hufundishi mpaka msimamizi wako aisome tasnifu yote na kuipiga muhuri wa wayo wake, kisha uitetee mbele ya baraza la chuo. Miaka mitatu ikipita bila muhuri, kazi inatupwa na unaanza upya.

Na msimamizi wake alikuwa nani? Profesa Kiboko!

Jamani, huyo Kiboko. Kusoma, alisoma. Ndiye wa kwanza kueleza mto unatoka wapi na unakwenda wapi, na hakumwacha mtu asahau. Lakini kumpata sasa! Ukifika ukingoni unaona masikio mawili. Ukisema, "Shikamoo, Profesa," yeye anaanza, "Mara..." Chubwi! Kazama. Mimi wakubwa wa namna hiyo nawajua, wacha ninyamaze.

Basi ikabaki siku moja tu miaka mitatu itimie. Pimbi akajitwika magome yake, huyoo, mpaka mtoni. Akakuta foleni ya wanafunzi. Katikati ya mto alisimama Bi Yangeyange, ndege mweupe, katibu muhtasi wa Profesa, miguu yake mikavu kabisa.

"Habari za asubuhi, Bi Yangeyange. Profesa yupo?"

"Amesafiri."

"Amekwenda wapi?"

"Kikaoni. Njoo wiki ijayo."

"Samahani, Bi Yangeyange. Hapo umesimama juu ya nini?"

Bi Yangeyange akatazama miguu yake. "Juu ya... jiwe."

Jiwe likapumua. Bruuu!

Foleni nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Nyumbu aliyekuwa mbele kabisa. "Usijisumbue, mdogo wangu," akasema. "Mimi huu mwaka wa saba, nimeshaanza upya mara mbili. Nilipoanza sikuwa hata na ndevu."

Pimbi akaweka mzigo chini. Alitaka kulia, na tena alikuwa na hasira. Miaka mitatu! Magome mia na ishirini! Akakaa akamtazama yule Jiwe anayepumua, akajiuliza: hivi huyu mheshimiwa anapenda nini hapa duniani? Wanafunzi? Wapi! Kazi? Thubutu!

Mara akacheka peke yake. Akachukua gome la kwanza, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Kisha akapanda juu ya kichuguu, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti ya kusikika ng'ambo.

"Ndugu wajumbe wa baraza! Nimeifanya kazi hii kwa kufuata nyayo za bingwa wa mito yote, Profesa Mamba..."

Masikio mawili yakachomoza majini.

"...Profesa Mamba, wa kwanza kueleza mto unatoka wapi na unakwenda wapi..."

BRUUU! Mto ukafumuka. Bi Yangeyange akarushwa hewani, kwaa, kwaa! Kiboko mzimamzima akasimama ukingoni, maji yakimchuruzika, na foleni ikatawanyika.

"Mamba? MAMBA? Mamba amegundua nini, zaidi ya miguu ya wachota maji?"

"Shikamoo, Profesa. Kumbe umerudi safari!"

"Marahaba. Lete hilo gome! Mungu wangu, na jina langu umeliweka juu kabisa kama msimamizi! Baraza litasoma upuuzi huu lini?"

"Kesho asubuhi, Profesa. Na nahofia Mamba nimemtaja sehemu nyingine pia. Kama kumi hivi. Sikumbuki ni magome yapi."

"Kumi! Usiondoke hapo, binti. Nitazisaka moja moja."

Akamfuta Mamba wa kwanza, akajitupa chini, puu, akaanza. Gome la pili. La tatu. La kumi.

"Sentensi hii ndefu mno. Ikate."

"Sawa, Profesa."

"Hapa kwenye jabali la kaskazini, kina cha maji ulikipima mara ngapi?"

"Mara nne."

"Sasa mbona hukuandika? Watajuaje?"

Pimbi akaandika haraka haraka, kalamu inatoa moshi. Kufika gome la sitini, Kiboko alikuwa ameacha kufoka. Kufika la themanini akasema, "Alaa!" Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Profesa," Bi Yangeyange akanong'ona, "una kikao..."

"Nyamaza, nasoma!"

Jua lilikuwa limeshuka alipolifunika gome la mwisho. Akamkazia macho Pimbi.

"Sijamwona Mamba mwingine."

"Hayupo, Profesa."

"Ulisema kumi."

"Nilisema."

"Umenidanganya mimi? Wewe, kitu kidogo hivi?"

Pimbi alisimama wima. "Nimekudanganya, Profesa, na nisamehe. Miaka mitatu nilikuja na ukweli, ukazama. Leo nimekuja na uongo mmoja, ukatoka."

Nyumbu, aliyekuwa amerudi kuchungulia, akafumba macho asione kitakachotokea.

Kiboko akayatazama yale magome. Akayatazama tena. "Haya maji ya chini ya mawe," akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa, "nimeishi majini maisha yangu yote na sikuyajua. Wewe umeyajua."

Akanyanyua mguu. Puu! Wayo ukakaa juu ya tasnifu, mkubwa kuliko Pimbi mwenyewe.

Kesho yake Pimbi alisimama mbele ya baraza, akajibu kila swali bila kumung'unya maneno. Mwenyekiti, Mzee Kobe, akauliza, "Binti huyu kasimamiwa na nani?" Kabla Pimbi hajafungua mdomo, sauti ikanguruma kutoka nyuma: "Mimi! Huyo ni mwanafunzi wangu!" Profesa Kiboko, nchi kavu, mchana kweupe, kifua mbele. Mama Pimbi akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Mwalimu Pimbi akarudi kwao kichwa juu. Na kiangazi kile jua lilipochoma, watoto wa pimbi walichimba pale alipowaonyesha, wakanywa, wakashiba, wakarushiana maji. Hakufa hata mmoja.

Nanyi wadogo zangu, shikeni hili: mkubwa asiyetoka kwa ajili ya shida yako, mguse kwenye sifa zake, atatoka mbio.