Nakijwa Mkono wa Nyundo na Uwanja wa Kighonda

Sogeeni karibu, wana wa Kighonda, na ninyi mliofika juzi na masanduku yenu mapya msikae mlangoni kama wageni, maana habari hizi sasa ni zenu pia. Katika zama zile ambapo bendera ya nchi ilikuwa bado haijapauka kwa jua, na Chuo cha Ualimu cha Kighonda kilikuwa na mabweni mawili tu mlimani Upare, alifika Nakijwa binti Mbonea, mjukuu wa Senkondo mfua vyuma, wa ukoo uliowapa watu majembe na mikuki tangu enzi za mababu. Huyo ndiye Nakijwa Mkono wa Nyundo, aliyeingia kila mlango kwa kuinama, aliyemaliza sahani tatu za makande ya mchana kisha akauliza jioni kuna nini.

Nakijwa ndiye aliyelitwaa shamba la maharage nyuma ya jiko, akalisawazisha kwa jembe siku tisa, akasimamisha milingoti miwili ili yeye na wenzake wanne wacheze mpira wa kikapu, akaifunga pete za chuma alizofuliwa na babu yake, nzito hata mpira ukizigonga zinasikika kanisani. Mkuu wa chuo, Mwalimu Elinihaki, mtu mkavu kweli kweli, alitazama yote hayo akatamka: "Nawapa msimu mmoja. Mkirudi bila kombe la vyuo, mvua za vuli zitakuta maharage hapa."

"Tukishindwa, Mwalimu, nitayapanda mwenyewe," akajibu Nakijwa kwa sauti ya kishujaa. Moyoni aliogopa sana, maana tangu azaliwe hakuwahi kupata mahali pengine ambapo hakuuonea haya mwili wake mkubwa.

Msimu ulianza kwa fedheha. Wasichana wale walikuwa wamelelewa kwa adabu, tena ni walimu watarajiwa. Basi kila mpinzani alipoanguka, wote watano walisimama, wakamwinua, wakamkung'uta vumbi, wakampa pole na kumwuliza habari za nyumbani, na huku nyuma wenzake wanafunga. Mechi ya kwanza walifungwa arobaini kwa sita. Ya pili walipata nane, na mmoja wao akasema kwa furaha kwamba wanaendelea vizuri.

Nakijwa aliwaza siku nzima. Kuipiga marufuku pole hakuweza, mama yake angesikia. Ndipo akawakusanya wenzake uwanjani akatoa amri: "Pole haifutwi. Lakini mpira kwanza, pole baadaye. Ukimwangusha mtu, funga, kisha rudi umwinue." Tangu siku hiyo vyuo vinne vilianguka kimoja baada ya kingine, na wapinzani wakawa wakiona wasichana wa Kighonda wanakuja na mikono ya huruma wanajua wameshafungwa.

Fainali ilichezwa Moshi, na chuo cha mjini ambacho sitakitaja, kwa heshima ya bibi zenu waliosoma huko. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Kighonda wako nyuma kwa pointi moja, Nakijwa ana mpira katikati ya uwanja, nahodha wa mjini alianguka miguuni pake akishika kifundo na kulia kilio cha kweli. Amri ilisema mpira kwanza, na goli lilikuwa mbali, na binti alikuwa analia. Kwa mara ya kwanza Nakijwa aliichukia amri yake mwenyewe. Akaurusha mpira kwa mkono mmoja, bila kuangalia unakokwenda, akapiga magoti.

"Pole, dada. Pole sana." Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, naye hakugeuka. "Imeingia?"

"Imeingia," akasema nahodha huku machozi yanamtoka. "Na mguu wangu je?"

"Umeteguka tu. Nishike shingo."

Alimbeba mgongoni hadi kwenye benchi, ndipo akapokea kombe.

Mwaka uliofuata Nakijwa alipangiwa shule ya mbali kusini, akapanda lori na sanduku lake. Barua zake zilikuja miaka miwili, kisha zikakatika. Wako wanaosema alivuka Ruvuma. Kaburi lake hakuna aliyelionyesha. Lakini kila mwaka mama fulani hupanda mlima huu na binti mrefu anayetembea amejikunja, akituomba tumpokee, na uwanja ule ule humfundisha binti kutembea wima.

Wewe pale nyuma, uliyeinamisha mabega, simama tukuone.