Sultani Aliyetaka Kuwa Babu Yake

Hapo zamani, zamani ile ambayo kila anayeisimulia huapa kwamba hakuwapo, kisha akakueleza hata rangi ya makubadhi ya Sultani, palikuwa na mji uitwao Ungome, na mtawala wake alikuwa Sultani Shangama bin Ngwame. Sultani huyu hakuwa mkatili wala mlafi. Alikuwa na maradhi mamoja tu: alipenda kujua asili ya majina. Wenziwe wa miji mingine walikusanya farasi, na wengine walikusanya wake. Yeye akikusanya majina na mahali yalikotoka.

Basi akamweka barazani kwake mtu aitwaye Mwinyi Tumu, aliyedai kuijua asili ya kila neno lililopata kutamkwa. Na kweli hakushindwa hata siku moja, kwa maana lile asilolijua alilitunga papo hapo, na ndevu zake zisitikisike. Ukimwuliza juu ya mwiko, alisema umeitwa kwa jina la Malkia Mwiko, aliyeikoroga bahari ikawa na chumvi. Sufuria ilitokana na Mfalme Sufuri, aliyekuwa na tumbo kubwa na kichwa hana. Na Sultani akiyasikia hayo alifumba macho kwa utamu, kama mtu anayekunwa mgongo mahali asipopafikia mwenyewe.

Ikawa siku moja Mwinyi Tumu akaligeukia jina la Sultani.

"Maulana," akasema, "wewe ni Shangama, na babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa Shangama. Jina ni lile lile. Na jina ndilo mtu. Mwili ni nguo tu, huchakaa ikabadilishwa. Hivyo basi wewe si mjukuu wa Shangama. Wewe ndiye."

Sultani akafumbua macho. "Mimi ndiye?"

"Wewe ndiye, tangu hapo."

Jioni ile ile mbiu ikapigwa mji mzima, kwamba tangu leo kila mwenye jina la marehemu ndiye marehemu yule, kwa heshima zake zote na haki zake zote, na atakayebisha atapata la kumpata.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kichwa chini. Kisima kikubwa cha Ungome kilichimbwa na Shangama wa kale, kwa hiyo wanawake wakitoka kuteka maji iliwabidi wapitie ikuluni, mitungi kichwani, waseme, "Ahsante, Maulana, kwa kutuchimbia kisima." Naye alitoa kichwa dirishani akajibu, "Si kitu, wanangu, ingawa jiwe la chini lilinitoa jasho." Lakini aliyeumia kuliko wote ni mama yake mzazi, Bi Mwanate. Kwa Shangama wa kale yeye alikuwa mke wa mwana, na desturi ya Ungome haimruhusu mke wa mwana kula mbele ya mkwewe, wala kumtazama usoni, wala kuingia kwake bila ya kujitanda ukaya.

"Nimemzaa kwa uchungu wa kutwa kucha," akawalalamikia mashoga zake, "nimemfuta makamasi, nimempaka mafuta ya kichwa, leo niingie kwake nimejiinamia kama bi harusi mpya, nimwite baba mkwe! Jana nimeona ana tongotongo jichoni, nimeshindwa kumwambia."

Basi katika mji huo alikuwako mtu wa makamo jina lake Pandu, fukara mwenye maneno. Ujana wake aliumaliza safarini akitafuta mali, akafika hadi miji ambayo majina yake yalimshinda kutamka, akarejea na kikohozi na kofia ya mtu mwingine. Watu wakimwuliza, "Pandu, mali hukuikuta?" alijibu, "Niliikuta, ndugu zangu, ila ilikuwa na wenyewe." Alichokuwa nacho ni kiunga cha ndimu nje kidogo ya mji, alichorithi kwa baba yake, ambaye naye alikirithi kwa baba yake, Mwalimu Vuai, babu yake Pandu. Mkewe Mwanamvua alizitia zile ndimu achari, na kwa achari ile waliishi wao na binti zao. Kiunga kile Vuai alipewa na Shangama wa kale kwa shukrani, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha chuoni alipokuwa mdogo. Alipewa kwa mdomo mbele za watu, kama walivyopeana watu wa zamani, na watu wale wote walikuwa wamekwisha kufa.

Mwinyi Tumu akakitamani kile kiunga, kwani kivuli cha mindimu kilimfaa kwa kutunga asili za maneno. Akamnong'oneza Sultani, "Maulana, kiunga kile ulikitoa wewe. Wakumbuka kukitoa?"

Sultani akafikiri sana. "Sikumbuki."

"Basi hukukitoa."

Pandu akaitwa barazani, akaja na kikohozi chake.

"Ewe Pandu!"

"Lebeka, Maulana."

"Kiunga unachokaa umekipata wapi?"

"Kwa babu yangu Vuai, Maulana, aliyepewa na babu yako."

"Aliyepewa na mimi," Sultani akamsahihisha.

"Aliyepewa na wewe," Pandu akakubali, "nawe ulikuwa mwembamba siku hizo."

Watu wa barazani wakatazama miguu yao. Sultani akasema, "Sasa, mimi niliyetoa nipo hapa, na kutoa sikumbuki. Aliyepewa yuko wapi? Mlete Ijumaa baada ya sala, asimame mbele yangu. Ukimleta, kiunga ni chenu. Usipomleta, utatoka humo wewe na mkeo na watoto wako."

"Maulana, Vuai alikufa kabla mimi sijazaliwa!"

"Hata mimi nilikufa," akasema Sultani, "na mbona nimekuja?"

Pandu akarudi nyumbani akamkuta Mwanamvua anapasua ndimu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema ewe Pandu."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema lebeka."

"Na baada ya lebeka?"

Alipomweleza, Mwanamvua alikitua kisu. Hakulia, aliitazama mitungi yake ya achari iliyopangwa ukutani, mmoja baada ya mmoja, kama mtu anayeaga. "Mume wangu," akasema, "mimi sina kwetu kwingine. Tafadhali, safari hii usifanye mzaha."

Maneno hayo yakamwingia Pandu kuliko mbiu ya Sultani. Akakaa kitako akawaza. Laiti angalikuwa na mtoto wa kiume, angalikuwa amempa jina la babu yake, na mambo yangalikwisha. Lakini Mungu alimpa mabinti watupu, na jina la Vuai lilikaa tu bila ya mtu. Akainua macho, akamwona punda wao anaitafuna ile kofia aliyokuja nayo kutoka safarini.

"Mwanamvua, yule ana jina?"

"Nani?"

"Huyo anayekula kofia."

"Punda anaitwa punda. Pandu! Usiniambie! Babu yako si atageuka kaburini?"

"Mwache ageuke, maskini. Amelalia ubavu mmoja muda mrefu. Nawe umeniomba nisifanye mzaha, na wallahi sifanyi. Sultani anamtaka Vuai, nami nitampelekea Vuai, kwa sheria yake mwenyewe."

Basi wakafanya kama desturi ya Ungome inavyotaka mtoto anapopewa jina. Punda akanyolewa nywele za utosi. Pandu akamnong'oneza jina sikioni, na kwa ukubwa wa sikio lile hapakuwa na shaka kwamba amesikia. Majirani wakaalikwa, wakala wali kwa achari, na mkubwa wao akauliza kwa sauti, "Jina lake nani?" Pandu akajibu, "Vuai." Wote wakaitikia, "Mungu amkuze," wengine wakiwa wameziba midomo kwa kanga. Lakini wali waliula, na aliyekula wali wa jina ni shahidi.

Ijumaa ikafika. Baraza limejaa hadi ngazini, na Bi Mwanate yuko nyuma ya pazia, amejitanda. Pandu akaingia anamwongoza punda aliyefungwa kilemba.

"Ni nini hiki?" Sultani akauliza.

"Si nini, Maulana, ni nani. Huyu ni Vuai. Kilemba nimemfunga mimi, maana mwalimu haji mbele ya watu kichwa wazi."

Mwinyi Tumu akaruka kitini. "Punda hawi mtu! Huyu anatufanyia dhihaka!"

"Mwinyi wangu," Pandu akasema kwa upole, "si wewe uliyetwambia kwamba mwili ni nguo tu? Babu yangu amekuja na nguo iliyopatikana. Hebu nitazame mimi mwenyewe nilivyovaa. Ukoo wetu haujajaliwa mavazi."

Majirani wakaulizwa, wakashuhudia kwamba jina limetolewa na wali umeliwa. Sultani akaona akilikataa jina la punda amelikataa na lake. Lakini alikuwa mjanja kidogo, akasema, "Vema. Karibu, Vuai. Hebu sema mbele ya watu hawa: mimi nilikupa kiunga?"

Punda kimya, anatafuna hewa.

"Hasemi!" Mwinyi Tumu akapiga makofi. "Maulana, hasemi!"

"Atasemaje," akauliza Pandu, "na mwalimu hajaamkiwa?"

Akamgeukia Sultani.

"Maulana, wewe ndiye Shangama. Na Shangama alikuwa mwanafunzi wa Vuai. Mwanafunzi, awe Sultani awe mchunga mbuzi, hamwulizi mwalimu wake jambo kabla ya kumwamkia. Na Mwinyi Tumu ametufundisha humu humu kwamba asili ya shikamoo ni kushika miguu."

Watu wakamgeukia Mwinyi Tumu. Naye, masikini, katika asili zote alizowahi kuzitoa, hiyo ndiyo pekee aliyokuwa ameisikia kwa watu wengine, hakuitunga. Sasa hakuwa na njia ya kuikana.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ni kweli," akasema Bi Mwanate. "Nilipoletwa nyumba hii nilimwona baba mkwe kwa macho yangu, na usultani wake wote, akimshika miguu Mwalimu Vuai kila alfajiri, kisha akimtekea maji ya kutawadha."

Sultani akatazama huku na huku. Akisema hamwamkii, basi yeye si Shangama yule. Akisema yeye ndiye, basi kwato zile pale, tena zimetoka kukanyaga njia nzima ya mjini. Na Sultani huyu, pamoja na ujinga wake, alikuwa mtu wa kushika neno lake. Akashuka kitini polepole, akainama. Kilemba chake kikakaribia pua ya punda, na punda akakinusa kwa hamu. Mkono wa Sultani ukanyooka kuelekea mguu wa mbele. Walinzi wakafumba macho. Mwanamvua, aliyekuwa mlangoni na binti zake, akauma ncha ya ukaya wake, maana hakujua ni lipi baya zaidi, Sultani akishika au asiposhika.

"Mwanangu!"

Pazia likavutwa, Bi Mwanate akatokea uso wazi.

"Mwanangu, acha! Baba mkwe wangu alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Wewe si yeye. Inuka, ufute na hizo tongotongo!"

Sultani akabaki pale pale ameinama, uso kwa uso na punda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani analia, kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamkalisha sakafuni pamoja na joho lake. Na watu walipoona Sultani anacheka, wakacheka kicheko walichokibana tangu siku ya mbiu.

Alipopata pumzi akasema, "Enyi watu wa Ungome, mimi ni Shangama mjukuu. Kisima sikukichimba. Kiunga sikukitoa mimi, alikitoa babu yangu, na kitu nisichokitoa siwezi kudai nirudishiwe. Pandu, kiunga ni chenu, wewe na wanao. Nawe, Mwinyi Tumu, kwa kuwa unapenda asili ya kila kitu, kesho alfajiri nenda kiungani ukatafute asili ya magugu. Uyafuate mpaka mizizini, na jembe atakupa Mwanamvua."

Watu wakatawanyika wakishikilia mbavu. Pandu alipokuwa anamtoa punda mlangoni, Sultani akamwita pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Niambie kweli. Huyo Mwalimu Vuai alikuwa mkali?"

"Mkali sana, Maulana. Na babu yako alikuwa mzito wa kusoma. Baba yangu alinihadithia kwamba alichapwa kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa, kwa sababu Ijumaa chuo kilifungwa."

Sultani akajipapasa mgongo.

"Basi alhamdulillahi," akasema, "mimi si yeye."