Cheni ya Marehemu Ignatio

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Umepita barabara ile ya vumbi jekundu inayopanda kutoka Matiri. Umemwona mtu amelazwa mkekani kando ya njia, watu wamemzunguka, mmoja ana simu sikioni akisema, "Wanasema gari liko njiani." Ukageuza uso, ukajifanya unatazama milima. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akishaingia chumbani, fimbo uliyoiacha ng'ambo ya mto ni kuni tu. Methali hii sote tuliiimba shuleni. Kuiimba hatukushindwa.

Mchana huo mawingu yalikuwa yamepanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, meusi kama masizi ya chungu. Katika kitongoji kimoja juu ya Matiri, kule ambako mashimo ya ngoro, kilimo cha wazee wetu, yametoboa mlima mzima kama sega la nyuki, Zabron alikuwa amempakia mkewe Herieth kwenye pikipiki kumpeleka kituo cha afya bondeni. Uchungu ulimshika tangu alfajiri na mtoto alikuwa hajashuka. Bi Ida, mama yake Zabron na mkunga wa miaka mingi, alikuwa amelipapasa tumbo, akanawa mikono, akatamka neno moja tu: "Bondeni." Aliyemjua Bi Ida alielewa kuwa kazi imemshinda.

Hawakufika mbali. Mbele ya nyumba ya Luisa, mjane wa marehemu Ignatio, cheni ya pikipiki ilikatika kwa mlio kama wa risasi. Ilijiviringisha kwenye gurudumu, pingili zake zikasagika kiasi kwamba haikuwa cheni ya kuunga tena.

"Nilikwambia, mwanangu," Bi Ida alisema huku akimshusha Herieth. "Cheni inayolia kama kinanda kibovu inaomba kustaafu!"

"Mama, siyo sasa!"

Herieth alilazwa kwenye mkeka barazani kwa Luisa. Mara Bartholomayo, mwenyekiti wa kitongoji na kaka wa marehemu Ignatio, akaja mbio, simu mkononi.

"Tulieni, jamani. Nimeshapiga mjini. Gari la wagonjwa liko njiani."

"Njia ipi, shemeji?" Luisa aliuliza.

Mtu mmoja alitaka kucheka, akakosa ujasiri. Luisa alikuwa bado amefunga kitambaa cha msiba kichwani. Nyuma ya nyumba yake pikipiki ya mumewe ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu ajali ya mteremkoni iliyomwua. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda na usukani umeangalia kando, lakini sehemu ya nyuma ilikuwa nzima. Tena ilikuwa pacha wa pikipiki ya Zabron, ya aina ile ile.

"Zabron, chukua spana zako," Luisa alisema. "Nyuma ya nyumba kuna cheni."

Mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaishe na ukoo ukae sengu, kikao ambacho wazee hula chungu kimoja na kuamua nani achukue nini. Hata jembe la Ignatio lilikuwa bado limechomekwa pale pale alipoliacha.

"Shemeji, unasema nini?" Bartholomayo aling'aka. "Ukoo haujakaa. Leo mkimvua marehemu cheni, kesho mtamvua koti!"

"Koti nalo nitalitoa, likitakiwa kumfunika mtoto."

"Subiri gari."

"Nilisubiri." Sauti ya Luisa haikupanda. "Ignatio alilazwa hapo hapo uliposimama. Pikipiki ya Zabron ilikuwa nzima, imeegeshwa pale. Ukatuambia tusimguse, gari liko njiani. Kivuli cha nyumba kikatoka mlangoni kikafika kwenye migomba. Akaomba maji. Halafu akaacha kuomba. Gari lile halijafika mpaka leo, shemeji. Bado liko njiani?"

Barazani Herieth alipiga yowe lililowasimamisha watu nywele. "Mama, nakufa!"

Bartholomayo aliitazama simu yake kama mtu aliyeshika chura. Akaitia mfukoni. Akazunguka nyuma ya nyumba, akavua kofia na kuweka kiganja juu ya tangi la pikipiki ya mdogo wake.

"Ignatio, mdogo wangu, tunachukua cheni. Sengu nitaijibu mimi." Akafanya ishara ya msalaba, kisha akageuka kwa ukali. "Zabron, unangoja nini? Fungua!"

Zabron alichomoa klipu inayofunga kiungo cha cheni kwa koleo, cheni ikateremka mkononi mwake kama nyoka aliyekufa. Kuitoa kulikuwa rahisi. Kwenye pikipiki yake ilimbidi alegeze nati ya gurudumu la nyuma, alisukume gurudumu mbele, afungue na kava la meno ya mbele, maana kipande cha cheni mbovu kilikuwa kimejikaba mle ndani. Jasho lilimtiririka hadi machoni. Alipitisha cheni ya marehemu kwenye meno ya mbele, akaivuta hadi nyuma, ncha zikakutana. Akabana klipu.

Ikafyatuka. Iliruka hewani, ikatumbukia kwenye lundo la maganda ya kahawa.

Watu wote walipiga magoti na kufukua maganda kama kuku. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka.

"Pumua, binti yangu, usisukume!" Bi Ida alisikika akisihi. "Usisukume bado!"

"Cheni yangu ya zamani!" Zabron aliruka. "Ile haikukatikia kwenye kiungo, klipu yake ipo!"

Akaiokota chini. Klipu ilikuwepo, ina kutu, lakini nzima. Aliibana kwa uangalifu, upande uliofungwa ukitangulia mwendo wa cheni, kwa sababu ikikaa kinyume hujing'oa mteremkoni. Akavuta gurudumu nyuma, akakaza nati. Luisa alibonyeza cheni kwa kidole.

"Imelegea kidogo."

"Itatufikisha, shangazi."

Herieth alikalishwa katikati, Bi Ida akamkumbatia kwa nyuma. Pikipiki iliteremka mteremko ule ule uliomwangusha Ignatio. Waliobaki walisimama mvuani, masikio yamefuata injini mpaka ikamezwa na bonde.

Ndipo simu ya Bartholomayo ikalia.

"Mwenyekiti, yule mgonjwa bado anahitaji gari? Tunatafuta dereva."

Luisa aliichukua simu mkononi mwa mwenyekiti.

"Endeleeni kutafuta," alisema, akaikata.

Jioni habari zilipanda mlima: mtoto alikuwa ametanguliza miguu, ni wa kike, analia kwa nguvu, na mama yu mzima. Wazee wengine wa ukoo walinuna sengu ilipokaa. Walinuna huku wakipokezana kumpakata mtoto.

Sasa wewe. Usiniambie hadithi ni nzuri. Inuka! Kitongojini kwako nani ana cheni ya akiba? Nani ana spana, na nani anajua kuzitumia? Kama hujui, itisha mkutano leo, kabla hujala. Gari tuliloahidiwa lidai kwa sauti, ni haki yako, lakini usimlaze mtu mkekani kulingojea. Luisa alilingojea mara moja, akazika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.